Utunzaji Ghala si Kushika Funguo Tu

Huenda nyumbani kwako yumo kijana aliyemaliza kidato cha nne naye angali anatafuta kazi. Akiliona tangazo la nafasi ya mtunza ghala serikalini hulipuuza, akidhani ni kazi ya kubeba magunia na kushika funguo. Dhana hiyo si sahihi.

Hebu fikiri juu ya zahanati ya mtaani kwako. Dawa zake hupitia ghalani. Zikipangwa ovyo, zilizo nyuma ya rafu hupitwa na muda wake, huku mama mwenye mtoto mgonjwa akiambiwa kuwa dawa hakuna. Hasara hiyo haitokani na wizi. Hutokana na mtu asiyejua kazi yake.

Ndiyo maana taaluma hii imetungiwa sheria. Mwaka 1981 iliundwa bodi ya taifa ya kuisimamia, na kwa sheria ya mwaka 2007 nafasi hiyo ikachukuliwa na Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi. Anayetaka kuwa Afisa Ugavi hutakiwa awe na shahada ya ununuzi na ugavi au inayolingana nayo, tena awe amesajiliwa na Bodi hiyo. Kwa ngazi za chini, elimu ya kidato cha nne au cha sita huambatana na cheti au stashahada ya fani hiyo. Kwa kuwa kila tangazo hutaja sifa zake, lisome lote kabla ya kushika kalamu.

Yapo pia masharti ya jumla. Mwombaji awe raia wa Tanzania, naye asizidi umri wa miaka 45, isipokuwa aliyemo tayari katika utumishi wa umma. Aambatishe cheti cha kuzaliwa, maelezo yake binafsi na nakala za vyeti zilizothibitishwa. Hati ya matokeo ya muda haikubaliwi badala ya cheti. Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, pamoja na barua iliyosainiwa. Wala usimpe mtu fedha kwa ahadi ya kukupatia nafasi. Nafasi ya kazi serikalini haiuzwi.

Na akiisha kuajiriwa? Mtunza ghala hupokea mali kwa hati, akaikagua na kuihesabu kabla ya kutia saini. Huiandika katika leja na katika kadi inayokaa penye rafu. Vitu vya kawaida vilivyotangulia kuingia hutangulia kutoka; dawa zinazokaribia kupitwa na muda hutolewa kwanza. Hakuna kitu kinachotoka bila hati iliyoidhinishwa, hata kama anayekiomba ni mkubwa wa kazi. Siku ya ukaguzi, hesabu ya leja, ya kadi na ya rafu sharti ziwe moja.

Basi, mzazi, usimwachie mwalimu peke yake. Mzoeze mwanao kuandika matumizi ya nyumbani na kurudisha chenji kamili. Cheti kitamfikisha mlangoni mwa ghala. Lakini mali iliyo humo ni ya wananchi wote, na mwaminifu ndiye anayestahili kukabidhiwa ufunguo wake.