Kichwa cha Pua Kuziba na Dawa za Kichina

Hivi karibuni alifika kwetu, upande wa wagonjwa wa nje, mama mmoja ameshika paji la uso. Alisema ana sainasi, na kwamba kwa wiki tatu amekuwa akimeza vidonge vya miti shamba vya Kichina. Tulipompima presha tulikuta 180 juu na 110 chini. Chupa aliyotuonyesha ilikuwa na maandishi ya Kichina matupu, hata hatukuweza kujua amemeza nini.

Ndani ya mifupa ya mashavu na paji la uso mna mapango madogo yenye hewa. Kila pango lina kitundu kinachofungukia puani. Mtu apatapo mafua, ngozi laini ya ndani huvimba, kitundu huziba na kamasi hukaa humo. Ndipo uso unauma, hasa ukiinama.

Wachina wanaujua ugonjwa huu tangu zamani. Wanauita bi yuan, yaani kilindi cha puani, kwa sababu kamasi hutoka bila kwisha. Mwaka 1253 tabibu Yan Yonghe aliandika kitabu chenye dawa iitwayo cang er zi san. Ina vitu vinne: mbegu za cang er, vitumba vya maua ya manyolia, mzizi wa bai zhi na majani ya jamii ya nanaa. Husagwa, kisha mgonjwa hunywa unga huo pamoja na chai na majani ya kitunguu. Hata leo vidonge vingi vya pua vya Kichina vimetokana na dawa hiyo.

Je, vinasaidia? Nanaa humfanya mtu ahisi pua imefunguka, ijapokuwa njia ya hewa yenyewe haijapanuka. Kwa mengine, majaribio mengi yaliyofanyika ni madogo. Hatuzidharau dawa za Kichina: dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wenu imetokana na mmea wa Kichina, na mama Tu Youyou aliyeigundua alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini ile ilipimwa, ikajulikana kiasi chake.

Cang er ni sumu isipokaangwa vizuri. Ni lile gugu ambalo matunda yake yenye miiba hunasa kwenye manyoya ya mbuzi. Mwaka 2007 huko Sylhet, Bangladesh, wanakijiji walikula miche yake kama mboga. 76 waliugua, na 19 kati yao walifariki. Tafadhali, mtu asije akayachuma shambani ati amesoma hapa kuwa ni dawa ya pua!

Mmea mwingine, ma huang, huzibua pua kweli, lakini hupandisha presha na kuukimbiza moyo. Tena baadhi ya vidonge vinavyoitwa vya miti shamba vimechanganywa na dawa ya hospitali ya mafua, ile inayoleta usingizi. Dereva na mama mjamzito wanapaswa kujua hayo.

Mafua mengi hupona yenyewe ndani ya siku 10. Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja, na uoshe pua. Kama kuna homa, pimwa malaria kwanza. Jicho likivimba, shingo ikikaza, au ukiona vitu viwili viwili, njoo hospitali siku hiyohiyo. Kadhalika wengi wanaosema wana sainasi kumbe wana kipandauso, kile kinachogonga upande mmoja na kuleta kichefuchefu, na matibabu yake ni tofauti.

Yule mama aliacha vidonge, na daktari akamwanzishia dawa ya presha. Nanyi mkija kwetu, njoni na chupa au pakiti ya dawa mnayotumia, hata kama imekwisha. Hatutawagombeza.