Historia ya Kakamega imetawanyika, azuruye kituo kimoja husikia upande mmoja

MGENI anayezuru Kakamega huelekezwa haraka kwenye msitu wa mvua unaosifika, au kwenye Jiwe la Ilesi linalotiririsha maji mithili ya machozi kando ya barabara ya Kisumu. Hayo ni maajabu ya kimaumbile.

Lakini akitaka kujua jinsi utawala wa kikoloni ulivyoingia magharibi mwa Kenya, jambo ambalo ndilo lililouinua mji wenyewe, hatapata jengo moja lenye masimulizi hayo yote. Historia hiyo imetawanyika Mumias, Webuye, Rosterman na hata Kitale.

Kutawanyika huko si kwa bahati tu. Kila mahali pamehifadhi kumbukumbu ya kundi moja: walioshirikiana na Waingereza, waliowapinga, waliopoteza ardhi na walowezi wenyewe. Anayeishia kituo kimoja hubeba nusu ya habari.

Safari huanzia Mumias, iliyokuwa makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga. Kabla ya Mwingereza kutia guu, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa ikipumzika hapo, na ndiyo iliyouleta Uislamu na lugha ya Kiswahili katika sehemu hizo.

Msafiri Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883. Askofu James Hannington alipitia hapo mwaka 1885, muda mfupi kabla ya kuuawa Busoga.

Wakati huo hapakuwa na mpaka kama unaojulikana leo. Sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda hadi mwaka 1902, ilipohamishiwa himaya iliyokuja kuwa Kenya.

C.W. Hobley alipowasili mwaka 1895 kuanzisha utawala, Nabongo Mumia alimpokea. Kila upande ulikuwa na hesabu zake: Mumia alihitaji mshirika mwenye bunduki dhidi ya majirani zake, nao Waingereza walihitaji mwenyeji mwenye chakula na watu. Mwaka 1909 walimtangaza kuwa chifu mkuu. Alifariki mwaka 1949.

Ushirika huo haukuiokoa Mumias. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ya misafara ilipoteza umuhimu, na mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega.

Kumbukumbu za ufalme huo sasa ziko katika Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, Matungu, yalipo makaburi ya wafalme. Kwa kuwa ni mahali pa maziko, adabu ni kuomba ruhusa kabla ya kukaribia makaburi au kupiga picha.

Upande wa pili wa habari hii uko kwenye kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, kaunti ya Bungoma. Huko Wabukusu walijenga ngome yenye kuta za udongo na handaki.

Mwaka 1895, baada ya askari wa Kisudani waliotumwa kurejesha bunduki kuuawa, Hobley aliongoza jeshi kuwaadhibu. Alisaidiwa na wapiganaji wa makabila mengine, Wawanga wakiwemo. Ngome ya Lumboka ilianguka kwanza, kisha Chetambe, kwa kuwa mikuki na ngao havikuweza kushindana na bunduki ya Maksimu.

Kumbukumbu hiyo haikufa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake kilimani hapo kuwakumbuka waliouawa. Kwa mgeni, Chetambe ni mahali pa kutazama ardhi yenyewe na kuwasikiliza wazee, kwani bila msimulizi hataona ila kilima.

Kituo cha tatu ni Rosterman, pembezoni mwa mji wa Kakamega. Mwaka 1931 mlowezi L.A. Johnson alipata dhahabu katika eneo hilo, na wakulima wa Kizungu waliofilisishwa na kuanguka kwa bei za mazao duniani wakamiminika.

Ardhi hiyo ilikuwa imetengewa Waafrika. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba itakuwa yao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, kingine cha thamani sawa kitatolewa. Desemba 1932, serikali ilibadilisha sheria hiyo ili wachimbaji waingie na wenyeji walipwe fedha badala ya ardhi. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu.

Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini mashimo ya zamani yamebaki. Mgeni asikaribie vinywa vyake bila mwenyeji anayeyajua, maana kingo za shimo huporomoka.

Ajabu ni kwamba makumbusho makubwa ya eneo hili, yaliyoko Kitale, yalitokana na mkusanyiko wa mlowezi. Kanali Hugh Stoneham alianza kuonyesha wadudu, ndege na vitu vyake vingine mwaka 1926. Baada ya kifo chake mwaka 1966, hazina hiyo ikawa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 1974, na leo hata nyumba za asili za jamii za magharibi huonyeshwa hapo.

Nani basi anapaswa kuviunganisha vituo hivi? Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la makumbusho, huku turathi zenye umuhimu wa kitaifa zikibaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa kuwa ngome iko Bungoma, makaburi Kakamega na mkusanyiko Trans Nzoia, ushirikiano wa kaunti hizo ni wa lazima.

Suala hili si la watalii pekee. Mwaka 2025, mpango wa kuchimba dhahabu Isulu na Bushiangala, katika kaunti ya Kakamega, ulizua upya mjadala kuhusu fidia na kuhamishwa kwa wakazi. Mkazi anayejua yaliyotendeka Desemba 1932 huingia katika mkutano kama huo akijua maswali ya kuuliza. Asiyejua hutegemea neno la mgeni.