Deni la Milioni 10 na Laki Nne na Nusu Zinazouma

Kijana akitaka kujua kama kweli anatoka kwenye madeni, jambo la kwanza analofanya ni kujumlisha. Anachukua daftari, anaandika nani anamdai kiasi gani, anapiga mstari chini, na jumla ile ndiyo inayomnyima usingizi. Mwezi ukiisha anajumlisha tena. Ikishuka anajipongeza, isiposhuka anakata tamaa na pengine anakopa tena kwa hasira. Mimi naona jumla hiyo ni kipimo kibovu, hasa katika miezi ya mwanzo, na nitaeleza kwa nini kwa hesabu ya mtu mmoja. Mtu mwenyewe nimemtunga. Madeni yake sikuyatunga kwa maana kwamba kila aliyefanya kazi Dar es Salaam anamjua mtu mwenye madeni ya namna hiyo.

Tumweke Tabata. Ana miaka 27, amemaliza shahada, ni karani wa ghala kwenye kampuni binafsi na mshahara wake ni Sh700,000 kwa mwezi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani Sh70,000. Kodi ya mapato ni Sh42,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15, Sh105,000. Mkononi zinabaki Sh483,000.

Anadaiwa Sh10,000,000. Kati ya hizo, Sh7,800,000 ni za Bodi. Kampuni ya mikopo yenye leseni inamdai Sh900,000. Kikoba cha mtaani Sh400,000. Kaka yake na rafiki wawili Sh350,000. Yule mkopeshaji wa kausha damu Sh300,000. Programu mbili za mikopo kwenye simu Sh150,000. Duka la Mangi Sh60,000, na mkopo wa kwenye laini ya simu, ule unaojikata wenyewe kila pesa inapoingia, Sh40,000.

Ukiyatazama hivyo, Bodi ndiyo mlima. Vijana wengi husema hivyo hivyo: nitawezaje kuishi na deni la milioni saba? Sasa tuache kiasi, tuulize kila deni linamgharimu kiasi gani kwa mwezi kabla hajapunguza hata shilingi moja ya mtaji.

Bodi, kwa hesabu hiyo, haimgharimu kitu. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10. Kila Sh105,000 inayokatwa sasa inashusha deni lenyewe, na kwa mwendo huo litakwisha baada ya miaka sita na ushee bila yeye kufanya lolote. Zamani haikuwa hivyo. Waliokatwa mishahara kabla ya 2021 wanakumbuka kupokea taarifa ya deni na kukuta wanalipa huku salio halisogei, na uchungu ule ndio unaowafanya wadogo zao waendelee kuiogopa Bodi kuliko wanaowanyonya kweli.

Kaka, marafiki na Mangi nao hawatozi riba. Kikoba kinatoza asilimia 10 kwa mkopo wa miezi minne, sawa na Sh10,000 kwa mwezi, na sehemu ya hiyo itamrudia mwenyewe wakati wa mgao. Kampuni yenye leseni inatoza asilimia 3.5 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo cha Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili: Sh31,500. Ule wa laini ya simu tuseme Sh8,500.

Zimebaki kausha damu na programu. Kausha damu ni asilimia 30 kwa mwezi, Sh90,000. Programu mbili zinatoza asilimia 20 kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo kila mwezi Sh60,000.

Jumla ya gharama ni Sh200,000 kwa mwezi. Kati yake, Sh150,000, robo tatu nzima, zinatoka kwenye madeni mawili ambayo kwa pamoja ni Sh450,000. Asilimia nne na nusu ya deni lote ndiyo inayokula robo tatu ya gharama. Daftari lake halionyeshi hilo, kwa sababu kwenye daftari laki nne na nusu inaonekana ndogo kando ya milioni saba na laki nane.

Tazama gharama hiyo inavyomfanya aishi. Ukitoa Sh200,000 kwenye Sh483,000 zinabaki Sh283,000. Chumba ni Sh70,000. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya Sh600, ni Sh2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh62,400. Chakula, akijibana, Sh6,000 kwa siku. Hapo tayari ni Sh312,400. Amepungukiwa karibu Sh30,000, na hajamtumia mama hela ya mboga, hajanunua sabuni, hajalipa mtaji wa deni lolote. Ndiyo maana ikifika tarehe 18 au 20 anafungua programu ya tatu. Majirani watasema kijana anapenda starehe. Huenda anapenda, lakini hata asipogusa bia, hesabu haifungi.

Kausha damu inahitaji kutazamwa kwa karibu kidogo, maana jinsi inavyokusanya pesa ni muhimu kuliko riba yenyewe. Mkopeshaji anashika kadi ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Anatoa Sh90,000 yake, kisha anakupigia: njoo uchukue kadi utoe iliyobaki, ukimaliza unirudishie. Mtaji wa Sh300,000 haujaguswa. Baada ya miezi minne umelipa Sh360,000 na bado unadaiwa Sh300,000. Watumishi wa umma wana kanuni inayotaka makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili theluthi moja ibaki. Kanuni hiyo inalinda hati ya mshahara. Kadi iliyo mfukoni mwa mtu mwingine haionekani kwenye hati ya mshahara, na ndiyo maana walimu wengi wanasomeka wazima kwenye karatasi huku wameisha.

Programu zina namna yake. Hazishiki kadi, zinashika orodha ya majina kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, mjomba wa Singida anapata ujumbe kwamba umemweka kuwa mdhamini na sasa unakimbia deni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu pa kulalamikia. Hilo ni jema, ila ujumbe ukishafika kwa mjomba umeshafika.

Aibu hiyo ndiyo inayopotosha mpangilio wa malipo. Vitabu vingi vya fedha, vilivyoandikiwa watu wa kadi za mikopo za Marekani, vinabishana kama mtu aanze na deni dogo ili apate moyo, au lenye riba kubwa ili aokoe pesa. Kwetu ubishi huo hauna uzito sana, kwa sababu madeni yenye riba kubwa ndiyo hayo hayo madogo. Mkopeshaji wa asilimia 30 hakupi milioni tano. Lakini wapo wanaofuata mpangilio wa tatu ambao vitabu havikuutaja: wanamlipa anayepiga kelele. Wiki hii programu imetishia, inalipwa kwa pesa ya kausha damu. Wiki ijayo kausha damu amekuja hadi getini, analipwa kwa pesa ya kikoba. Kila mara anayelipwa ni mwenye kelele na anayecheleweshwa ni mwenye subira, yaani kaka, Mangi na kina mama wa kikoba. Ni haohao ambao siku ya msiba wangemkopesha bila riba. Mtu anakuwa ameuza mkopo wake wa bei rahisi kuliko yote ili kuhudumia ule wa bei ghali.

Basi hatua ya kwanza ya maendeleo inakuwa ipi? Kupata Sh450,000 mahali popote ambapo riba ni ndogo, na kuyazika madeni mawili kwa siku moja. Kijana wetu ana simu janja ya kuuzika Sh250,000. Anaiuza, ananunua kitochi cha Sh30,000, anabaki na Sh220,000. Kwa mwajiri anaomba mkopo wa mshahara wa Sh230,000, ukatwe kwa miezi minne, Sh57,500 kila mwezi. Kumwomba bosi kunauma. Wengi wangeacha bosi asijue na kuendelea kulipa Sh150,000 kila mwezi kama bei ya siri hiyo. Ni bei kubwa mno. Kuuza simu kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye hesabu: kwenye kitochi programu hazikai.

Kausha damu analipwa mtaji wote kwa mkupuo, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa maandishi. Kadi inarudi, na siku hiyohiyo namba ya siri inabadilishwa. Programu zinalipwa na ujumbe wa malipo unatunzwa.

Sasa rudi kwenye daftari. Jana jumla ilikuwa Sh10,000,000. Leo ni Sh9,780,000, kwa kuwa mkopo wa mwajiri umechukua nafasi ya sehemu ya yale mawili. Imeshuka kwa asilimia 2.2. Kwa kipimo cha jumla, kijana ameuza simu yake, amejianika kwa bosi, na hakuna kilichobadilika. Lakini gharama ya mwezi imeshuka kutoka Sh200,000 hadi Sh50,000. Maisha yake yamebadilika siku hiyo kuliko yatakavyobadilika siku nyingine yoyote ya safari hii, na daftari halikuona.

Baada ya hapo mambo yanakuwa ya polepole na, niseme ukweli, ya kuchosha. Sh483,000 ukitoa Sh50,000 za gharama na Sh312,400 za kuishi zinabaki Sh120,600. Mwajiri anakata Sh57,500. Zilizobaki, Sh63,000 na kidogo, zinakwenda kwenye mitaji ya kampuni na ya kikoba. Kampuni inabidi iombwe kuupanga upya ule mkopo wa Sh900,000 kwa miezi 24, rejesho la Sh56,000 hivi, riba ikiwamo. Kikoba kinaombwa muda, kwenye kikao, kwa kusimama na kusema. Vikoba vingi hukubali ukiomba kabla ya tarehe, na hukasirika ukiomba baada yake.

Hapa wengi hufanya kosa la bidii. Wanalipa kila senti, hawaachi akiba, halafu mtoto wa dada anaugua na mzunguko unaanza upya. Ningependelea kijana huyu achelewe mwezi mmoja kumaliza deni lakini awe na Sh50,000 imekaa mahali. Mahali hapo pasiwe kwenye laini ile yenye mkopo wa kujikata, kwa sababu pesa ikiingia tu inaliwa. Aibandue kwanza hiyo Sh40,000. Na kadi za michango ya harusi, zile zenye kiwango cha mtu mmoja na cha wawili kilichochapwa kabisa, mwaka huu azijibu kwa mikono: atabeba viti, atapokea wageni, hatachanga. Ndugu watanung'unika. Wakishajua sababu hunyamaza mapema kuliko mtu anavyodhani, maana nusu yao wana daftari kama lake.

Kuna jambo la kumbukumbu pia. Wakopeshaji wenye leseni hupeleka taarifa za wateja kwenye taasisi za taarifa za mikopo. Kausha damu hapeleki popote. Unaweza kumlipa miaka miwili bila kuchelewa hata siku moja, na benki ikakuona mtu asiyewahi kulipa deni. Rejesho la Sh56,000 la kampuni, kwa upande mwingine, linaandikwa kila mwezi.

Na kwa sababu linaandikwa, mwezi wa tisa hivi wa marejesho simu itaita. Afisa mikopo, kwa sauti nzuri kabisa, atampongeza kwa ulipaji wake na kumwambia amepata sifa ya kuongezewa hadi Sh1,000,000. Salio lake wakati huo litakuwa kama Sh645,000. Litakatwa, naye atapokea Sh355,000 mkononi, pengine pungufu kidogo baada ya ada. Rejesho litapanda kwa Sh6,000 tu, kutoka Sh56,000 hadi Sh62,000 na ushee. Ila miezi 15 iliyokuwa imebaki itakuwa imegeuka 24. Asipochukua, amebakiza kulipa Sh840,000. Akichukua, Sh1,495,000. Tofauti ni Sh655,000 kwa kupokea Sh355,000, na wakati wa simu hiyo kiasi kitakachotajwa ni hiki cha pili peke yake. Ile ya kwanza inabidi aipige mwenyewe, kwa kitochi, kabla hajasema ndiyo.