Maua ya Mvua na Namna ya Kuyatunza

 

Ndugu wanafunzi, hapa kwetu Kisorya jua huwa kali kuanzia Juni mpaka mvua za vuli zinapoanza. Wakati huo yapo maua bustanini yanayoonekana kama yamekufa. Siku chache baada ya mvua kubwa huchomoza ghafla, meupe, ya waridi au ya njano. Ndiyo tunayoyaita maua ya mvua. Asili yake ni bara la Amerika, na wataalamu huyaita Zephyranthes.

Siri yake ni tunguu lililo ardhini, mfano wa kitunguu. Humo mmea huweka akiba ya chakula na maji. Ardhi ikikauka hupumzika, ikilowa huamka. Kwa hiyo kumwagilia kidogo kidogo kila siku hakuleti maua mengi. Tuyaache yakauke, kisha tuyaloweshe sana kwa mara moja. Hivyo hata sisi tunaochota maji ziwani hatutataabika.

Upandaji wake ni rahisi. Tuchague mahali penye jua pasipotuama maji, kwani tunguu huoza. Udongo mzito tuuchanganye na mchanga na samadi iliyooza. Tufukie tunguu kiasi cha sentimita 5, ncha ikiwa juu, na tuachanishe sentimita 10. Majani mabichi tusiyakate, kwa sababu ndiyo yanayolisha tunguu. Yakisongamana baada ya miaka michache, tuyachimbue na kuyagawa. Hata jirani atapata.

Tahadhari kubwa: tunguu hili lina sumu. Kwa kuwa linafanana na kitunguu, mtoto anaweza kulila, akatapika na kuumwa tumbo. Tusiyapande karibu na tuta la vitunguu, na tunawe mikono baada ya kuyashika. Majani ya kitunguu yakisuguliwa hunukia kitunguu. Haya hayanukii hivyo. Aliyekula apelekwe zahanati haraka pamoja na kipande cha mmea.

Katika Suratul Hajj, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametufundisha juu ya ardhi kavu inayohuishwa kwa maji. Basi tusiharakishe kung'oa na kutupa tunachodhani kimekufa, tungojee mvua.