Kazi Zinazongojeana: Maji ya Mugango na Hesabu ya Ratiba

Ukitoka Musoma kwenda Bunda, au ukikata kuingia Butiama, hukosi kukutana na kibao cha mradi. Kibao hutaja mshitiri, mhandisi mshauri, mkandarasi, gharama, tarehe ya kuanza na tarehe ya kukamilika. Wananchi huusoma zaidi ule mstari wa mwisho, na wana haki: kwa kaya inayobeba maji ya ziwa kwa ndoo, kila wiki inayoongezeka ni wiki nyingine ya safari hiyo. Ninachodai hapa ni kwamba tarehe hiyo haistahili kubuniwa na mtu yeyote. Inatakiwa ikokotolewe kutokana na jinsi kazi zinavyongojeana. Ratiba ambayo kila kazi imepangiwa tarehe kivyake, hata ikichorwa vizuri kwenye kompyuta, haina msaada wowote siku mambo yanapoanza kuchelewa, na hiyo ndiyo siku inapohitajika.

Chukua mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama, ambao Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi Februari 2022. Ni mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 70, fedha zikitoka Benki ya Kiarabu ya Maendeleo ya Kiuchumi Afrika (BADEA), Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na Serikali ya Tanzania, na umekusudiwa vijiji 39 vya Musoma Vijijini na Butiama. Maji yanachotwa Ziwa Victoria pale Mugango, yanasafishwa, yanasukumwa hadi kwenye matenki, kisha yanasambazwa vijijini. Kwa mpita njia hilo ni bomba moja refu. Kwa mhandisi, mradi wa aina hii ni mamia ya kazi zilizoshikana. Bomba halijaribiwi kwa shinikizo kabla halijaungwa. Viungo vyake havifukiwi kabla ya jaribio, maana panapovuja lazima paonekane. Pampu haiwashwi kabla umeme haujafika kwenye nyumba yake, wala mtaro hauchimbwi katika shamba la mtu ambaye hajalipwa fidia. Hakuna hata moja kati ya haya lililotoka kwenye kalenda. Yote yametoka katika kazi yenyewe.

Programu za ratiba, kama vile Primavera na Microsoft Project, zimetengenezwa kubeba ukweli wa namna hii. Unaipa kila kazi muda wake, halafu unaiunganisha na kazi inayoitangulia, na tarehe hutoka zenyewe. Kiungo kinachotumika zaidi ni kile cha kazi moja kumalizika ndipo nyingine ianze. Kingine huunganisha mwanzo na mwanzo: kulaza bomba huanza siku kadhaa baada ya uchimbaji wa mtaro kuanza, bila kusubiri mtaro wote uishe. Cha tatu huunganisha mwisho na mwisho: kufukia mtaro hakuwezi kukamilika kabla majaribio ya bomba hayajakamilika. Kila kiungo kinaweza pia kuwekewa muda wa kusubiri, na hapo zege ni mfano mzuri, kwa sababu nguvu yake kwa kawaida hupimwa baada ya siku 28 na hakuna msimamizi anayeweza kuiharakisha kwa kufoka.

Tufanye hesabu ndogo ya kubuni. Zege la tenki limepangwa kumalizika kumwagwa Machi 4. Siku 28 zinaishia Aprili 1, jaribio la kujaza maji linachukua siku 10 kuanzia Aprili 2 hadi 11, na Aprili 12 pampu inatakiwa kusukuma maji kwa mara ya kwanza. Pampu yenyewe imepangwa kufungwa hadi Machi 20, kwa hiyo ina nafasi ya siku 22 za kuchelewa bila kumdhuru yeyote. Sasa mvua za masika zinachelewesha zege kwa wiki mbili. Katika ratiba iliyounganishwa, siku ya kusukuma maji inasogea papo hapo hadi Aprili 26, na nafasi ya pampu inapanda hadi siku 36. Katika ratiba ya tarehe zilizoandikwa kwa mkono, Aprili 12 inabaki palepale, na pampu ikichelewa siku 10 itaonekana kosa kubwa sawa na la zege. Kikao kizima kitatumika kumbana msambazaji wa pampu, wakati wiki mbili zilizopotea zimepotelea kwenye tenki.

Mnyororo wa kazi zinazongojeana ulio mrefu kuliko yote ndio unaoamua mwisho wa mradi, na wazo la kuutafuta kwa hesabu si la jana. Mwaka 1957 James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont walianza kuliunda huko Marekani, na walipolitumia katika matengenezo ya kiwanda cha DuPont mjini Louisville, muda wa wastani wa kukizima ulishuka kutoka saa 125 hadi 78. Mwaka 1961 John Fondahl wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba wajenzi wanaweza kufanya hesabu hiyo kwa karatasi na kalamu. Kwa hiyo anayesema kwamba ofisi ya wilaya haina leseni ya programu hajatoa sababu ya kutosha.

Pingamizi lenye uzito ni la fedha. Watu wa Musoma wanaijua Hospitali ya Kwangwa, iliyokaa miongo mingi bila kumalizika kabla ya kuanza kutoa huduma kwa jina la Mwalimu Nyerere. Mtu atauliza: viungo vya ratiba vingesaidia nini pale ambapo fedha haziji? Ni kweli, haviwezi kuzileta. Lakini malipo nayo ni kazi yenye mwanzo na mwisho: mkandarasi anawasilisha madai, mhandisi mshauri anathibitisha, hati inapelekwa, fedha zinatoka. Msamaha wa kodi kwa vifaa vinavyoagizwa nje ni kazi. Fidia ni kazi. Ratiba nyingi huziacha nje kwa kuwa hazina nondo wala saruji, kisha ucheleweshaji wake unabebeshwa aliyeko eneo la ujenzi. Zikiingizwa na kuunganishwa, kila dawati litaonekana limeshikilia siku ngapi. Nadhani hilo ndilo linalowafanya wengine wapende tarehe za mkono.

Wengine watasema mkataba una tarehe yake, mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na masika hayaombwi ruhusa. Masika yana haki ya kuingia kama sharti: uchimbaji kwenye udongo mweusi wa mbuga usianze kabla ya mvua kwisha. Tarehe ya mkataba ni jambo jingine. Iwekwe kama alama ya kupimia, isiwe pingu. Hesabu ikiivuka kwa siku 40, basi siku 40 ndizo za kujadiliwa mezani mapema. Na anayesema kwamba muda wa kila kazi ni makisio tu, anasema kweli, lakini makisio yakikosea bado mpangilio unabaki. Tenki laweza kuchukua miezi miwili au mitano, na katika hali zote mbili halitapimwa uvujaji kabla ya kujengwa. Fundi mkuu anayajua hayo yote kichwani. Tatizo ni kwamba kichwa chake hakipo Dodoma wala Riyadh, ambako maamuzi ya fedha hufanyika.

Kipo kiungo cha nne, ambacho vitabu vingi hukitaja haraka na kupita: mwanzo wa kazi moja huruhusu mwisho wa nyingine. Katika miradi ya maji kina maana kubwa. Mji au kijiji chenye pampu kuukuu hakiwezi kuizima kwa sababu tu kibao kimesema mradi mpya unakamilika mwezi huu. Pampu ya zamani inazimwa pale mpya inapoanza kusukuma, na mpaka hapo mafuta yake, mlinzi wake na vipuri vyake vinaendelea kuhitaji bajeti. Kiungo hicho kikikosekana kwenye ratiba, bajeti ya pampu ya zamani inaishia kwenye tarehe ya kibao, na wiki zote kati ya tarehe hiyo na maji mapya watu wanarudi ziwani na ndoo.