Fahamu: Kwa nini fundi wa redio hupima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena

Kwenye kilele cha Loleza, mita 2,656 juu ya usawa wa bahari, karibu na mji wa Mbeya, kuna minara ya mawasiliano. Huko na Iringa, mvua hushika kuanzia Novemba. Redio ikianza kukwaruza wakati huo, wengi hulaumu mtambo wa kurushia matangazo.

Fundi hufunga mita ya wati kati ya mtambo na kebo ya antena, akasoma namba mbili: nguvu inayopanda na inayorudi. Zikipanda wati 100 zikarudi 4, uwiano wa mawimbi yaliyosimama, yaani kipimo cha jinsi antena inavyopatana na kebo, ni 1.5, hali nzuri. Zikirudi 11, umefika 2. Zikirudi 25 ni 3, na mitambo mingi hapo hujipunguzia nguvu ili transista zisiungue.

Mara nyingi mkosaji ni maji. Fungua kiungio cha kebo: shaba iliyokuwa iking'aa imegeuka kijani. Ila namba ndogo nayo hudanganya, na hili mafundi wachanga hulisahau. Kebo iliyoloa hunyonya nguvu kwenda na kurudi, hivyo mita iliyo chini, mtambo ulipo, husoma vizuri ilhali antena ni mbovu. Kipimo kichukuliwe pia juu mnarani, kabla ya mvua.