Moshi wa jenereta uishie wapi?

Agosti 2000, ndugu wawili wadogo walikufa wakiogelea nyuma ya boti ya kulala ya familia yao katika Ziwa Powell, mpakani mwa Utah na Arizona nchini Marekani. Walikuwa nje kabisa, mchana, kwenye hewa tele. Jenereta ya boti ilikuwa ikitoa moshi chini ya jukwaa la nyuma, na uwazi ule ulijaa kaboni monoksaidi. Baadaye NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, ilipima boti za aina hiyo na kuona kwamba bomba linalopanda wima hadi juu ya sitaha hupunguza sana sumu mahali watu walipo.

Wenye magari ya kulala, yale yenye vitanda, jiko na choo ndani, wana tatizo hilohilo nchi kavu. Jenereta ya petroli imefungwa ubavuni au chini ya sakafu, na bomba lake la moshi linaishia karibu na ardhi. Miongozo ya watengenezaji hutaka mdomo wa bomba utokeze nje ya ukingo wa gari, walau inchi moja, na usiwe chini ya dirisha linalofunguka. Hilo ni la lazima. Je, linatosha? Gari likiwa mwendoni, pengine. Likiegeshwa usiku kucha huku kiyoyozi kikiunguruma, mimi nasema halitoshi.

Upepo ukigonga ubavu mmoja wa gari kubwa, upande wa pili hewa huzunguka palepale bila kuondoka. Moshi uliotolewa huko hung'ang'ania ukutani, huingia uvunguni, na hutafuta tundu. Nayo matundu hayakosekani: mahali mabomba ya maji na nyaya zinapopenya sakafu, raba ya mlango iliyochakaa, mlango wa sanduku la mizigo. Mpishi akiwasha feni ya darini kutoa harufu ya vitunguu, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hewa inayotoka juu lazima ifidiwe, na itafidiwa kutoka chini, kwenye moshi. Tena jirani aliyeegesha mita chache kando anaweza kuwa ndiye anayeuvuta moshi wako.

Ndiyo maana wengi sasa hutumia bomba la kupandisha, linalosimamishwa ubavuni hadi juu ya paa. Lililo maarufu ni la plastiki, jambo linaloshangaza mtu akikumbuka joto la ekzosi. Siri ni kwamba haligusani na ekzosi. Mdomo wa ekzosi unapulizia ndani ya kiungo kipana kilichoachwa na nafasi. Kasi ya moshi huvuta hewa baridi ya nje, vikachanganyika, joto likashuka, na mchanganyiko huo, ambao bado ni mwepesi kuliko hewa ya kawaida, ukapanda. Kiungo kikikaa upande, au upepo ukivuma kwa nguvu, sehemu ya moshi hubaki chini. Kwa hiyo kikague kila unapowasha, na ung'oe bomba lote kabla ya kuondoa gari.

Wako wanaochomelea bomba la chuma moja kwa moja. Linawezekana, ila bomba jembamba au lenye kona nyingi huikaba injini, na uzito usioshikizwa, kwa mtetemo ule, huvunja sailensa palepale inapoungwa. Ufa wa sailensa iliyo chini ya kitanda ni hatari kuliko kukosa bomba la juu. Mdomo wa juu nao uwe mbali na matundu ya paa, la sivyo umeuzungusha tu moshi urudi ndani.

Pua haisaidii. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, mtu akadhani ni malaria au uchovu wa safari. Dalili yake ni kuwa wote ndani wanaumwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje.

Kengele ya gesi hiyo iwepo karibu na vitanda. Viwango vya Marekani huitaka ilie ndani ya dakika 4 hadi 15 gesi ikifika chembe 400 kwa milioni, lakini kwa chembe 70 inaweza kuchukua saa moja hadi nne, hivyo ukimya wake si cheti cha usalama. Ikilia, toeni watu kwanza, kisha mzime jenereta. Mgonjwa akifika hospitali, mwelezeni daktari kwamba jenereta ilikuwa inawaka: kipimo cha kawaida cha kidoleni huisoma damu iliyobeba sumu hii kana kwamba imebeba oksijeni, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa.